Jiwe la Kulisha Mizani

Juzi nilikuwa nafua suruali za mwanangu wa mwisho nikahisi kitu kizito mfukoni. Nikatia mkono, nikatoa jiwe la kijani, bapa, lenye mishipa myeusi, la aina ambayo watoto wa Kolwezi huokota njiani wakitoka shule. Lilikuwa limelowa. Jiwe la shaba likilowa hutoa harufu kama ya kijiko kilichokaa mdomoni muda mrefu, na harufu ile ilinipanda kichwani kabla sijajiandaa. Nikakaa chini kando ya beseni, povu likinikaukia mikononi, mpaka mtoto akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia siumwi. Sikuwa tayari kumwambia nililofanya na jiwe kama lile nilipokuwa na umri wake.

Baba yangu alikuwa mchimbaji, si wa kampuni kama babu, ambaye aliletwa kutoka Kasai na mkataba na nyumba ya matofali. Baba alichimba kwa mikono yake. Magunia yake yalikaa uani kwetu, karibu na jiko, na kwenye boriti ya jiko alitundika mizani ya ndoano iliyokuwa na kutu. Kila gunia alilipima hapo kwanza, mimi nikiwa nimesimama chini yake nikisoma namba, kwa sababu nilikuwa nimeanza shule na nilipenda kuonyesha kwamba najua. Siku moja nilisoma hamsini. Tukalipakia lile gunia kwenye baiskeli, baba akishika usukani na mimi nikisukuma kwa nyuma, tukaenda nalo mpaka depo ya wanunuzi. Njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye gunia, maana baba aliniambia niangalie lisitoboke. Halikutoboka. Hakikudondoka hata kijiwe. Pale depo wakaliweka juu ya mizani yao kubwa, na yule kijana mwenye daftari akasema arobaini na moja.

Nilimtazama baba. Baba hakubishana. Rafiki yake mmoja, aliyekuwa kwenye foleni nyuma yetu, akacheka tu.

"Ile balance inakula kilo neuf kila siku," alisema, "na hainone."

Ndiyo maana, kabla ya kushona gunia, baba alikuwa na desturi ya kuweka juu kabisa jiwe moja lisilo na shaba ndani. Wachimbaji wote wa mtaa wetu walifanya hivyo. Akiliweka alisema, "Hii ni ya balance, ikule hii iache yangu." Mimi nilikuwa na miaka saba, na maneno ya baba niliyapokea kama ninavyopokea habari kwamba kesho ni Jumatatu. Nilikuwa nimeona kwa macho. Kilo tisa ziliingia kwenye mizani na hazikutoka.

Mwaka huo huo mama alipata mtoto wa kiume. Alimwita Exaucé, yaani sala imesikika, kwa sababu kabla yake alizika wawili na huyu alimwomba kanisani kwa magoti. Miezi sita ya kwanza alikuwa mnene mpaka majirani wakamtania mama kwamba anamlisha saruji. Kisha mama akashikwa na homa iliyomlaza wiki tatu, na alipoinuka maziwa yalikuwa yamekauka. Exaucé akaanza uji wa unga mtupu, akaanza kuharisha, na mimi nikawa mlezi wake kila mchana mama alipokwenda sokoni.

Mara moja kwa mwezi tulikwenda kituo cha afya kumpima. Mizani ya pale ilikuwa na uso wa duara kama saa ya ukutani, imetundikwa kwenye mti wa dari, na chini yake ndoano. Kila mama alikuja na chupi yake ya kupimia. Yetu mama aliishona kutoka gunia la unga, nguo mbili zikiwa zimelazwa moja juu ya nyingine ili isichanike, na kamba mbili za kutundikia. Mtoto anavishwa, anatundikwa, miguu inaning'inia, mshale unatetemeka, na hapo analia. Wote walilia. Hakuna aliyechomwa sindano, hakuna aliyepigwa, na walilia kana kwamba wanang'olewa kitu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo karibu, nikajua ni nini wanang'olewa.

Muuguzi alikuwa mwanamume mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akina mama walimwita Tata Munganga, yaani Baba Daktari.

"Mama, mutoto anapunguka," alimwambia mama. "Mwezi yenye ilipita alikuwa na sita na mia tisa. Leo sita na mia sita. Unamukulisha nini?"

"Uji, Tata Munganga. Na maziwa kidogo, siku yenye iko."

Alimwonyesha mama karatasi ya mtoto, ile yenye njia ya kijani, ya njano na nyekundu. Mama hakujua kusoma, lakini rangi alizijua.

"Akishuka tena anaingia mu rouge," alisema, kidole kwenye nyekundu. "Akiingia mu rouge, tunamupatia pakiti za karanga, na kama hapandi, tunamutuma ku hôpital."

Mama alipotoka pale alitembea haraka, hakumsalimia mtu. Hospitali ndiko alikowaacha wale wawili. Mimi nilikuwa nyuma yake nikihesabu: kila mwezi tunampeleka, kila mwezi anarudi na kilo pungufu, na watu wazima wanashangaa wakati mwizi ananing'inia pale darini mbele yao. Niliwaza kumwambia mama tuache kwenda. Lakini kuacha kupima kulikuwa dhambi, mama alisema hivyo, hata mchungaji aliwahi kulisema. Basi ilibaki njia ya baba.

Sikuchukua jiwe tupu. Hapo nilijiona mwenye akili kumzidi baba. Niliona kwamba mizani ikipewa jiwe tupu itaonja na kurudi kwa mtoto, kwa hiyo nilichagua la kijani, zito, la ukubwa wa kiganja changu, nikaliiba kutoka gunia lililokuwa bado wazi. Nilifumua nyuzi chache za ile chupi ya gunia, nikaliingiza katikati ya nguo mbili, pale makalio yanapokalia, nikashona tena. Kazi ya kumvisha ilikuwa yangu, kwa sababu mama alikuwa mezani akitoa karatasi. Asubuhi za kiangazi kwetu ni baridi kali, vumbi la Kingamyambo, lile rundo la mabaki ya mgodi, linawasha macho, na foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo watoto hawakuvuliwa nguo. Tata Munganga alisoma tu mshale.

Saba na kidogo. Nilisoma kabla yake.

Alifurahi kweli, yule mtu. Alikuwa ameshafungua sanduku la pakiti za karanga, akalifunga tena, akaweka nukta yake kwenye kijani. Mama aliimba njia nzima. Mimi nilitembea nikiwa nimenyoosha shingo, na nilipomfungua Exaucé nyumbani niliikuta mistari miwili myekundu mapajani pale jiwe lilipombana. Nilimpaka mafuta, nikamwomba radhi sikioni.

Nilingoja anenepe. Kila mchana nilimweka mapajani nikamwangalia. Alikuwa hanenepi. Alikuwa ameacha kutupa kijiko, ameacha kuvuta nywele zangu, na alipolia alilia bila machozi, sauti ndogo kama mlango wa kabati. Usiseme sikuona. Niliona. Nilijiambia kwamba mizani imelionja jiwe ikalipenda, lakini moja halikuitosha. Mwezi uliofuata niliweka mawili.

Mshale ulikwenda saba na mia nne. Safari ile Exaucé hakulia hata kidogo. Alining'inia akitazama ukuta.

"Mama, unatumika muzuri," Tata Munganga alimsifu kwa kazi yake, akampa mama mkono.

Njiani mama hakuimba. Alisimama mara mbili kumsogeza mgongoni, akakaza kitambaa, akaenda hatua chache, akasimama tena.

"Ngalula," aliniambia bila kugeuka, "weye uko unaona kama mutoto iko mwepesi?"

"Apana, mama. Karatasi inasema amepanda."

"Ni kweli. Karatasi inasema."

Ndiyo mara ya kwanza nakumbuka kumdanganya mama nikijua kwamba nadanganya. Mawe yote mawili yalikuwa kwenye mfuko niliobeba, yakigongana.

Shuleni kwetu, darasa la pili, tulifundishwa na Madamu Odette, mwanamke mfupi aliyekuwa na sauti ya kutosha watoto themanini. Wiki hiyo alituambia kila mmoja alete kopo, chupa au kitu chochote cha kupimia. Wengine walileta makopo ya nyanya, wengine chupa za maji za lita moja, mmoja alileta meka ya mama yake, kile kikopo kikubwa cha kupimia unga sokoni, na akapigwa jioni kwa sababu mama yake alikaa mchana kutwa bila kuuza. Madamu alikuwa amepitisha ubao juu ya kipande cha bomba, upande huu beseni na upande huu beseni. Lakini hakuturuhusu kuugusa ubao kabla ya kupima kwa mikono. Ilibidi ushike kitu hiki kulia, kile kushoto, ufumbe macho, useme kipi kizito. Mimi nilishinda darasa zima. Madamu aliuliza nani alinifundisha, nikasema nabeba mutoto.

Kisha alitujazia chupa ya lita maji hadi mdomoni, akaimwaga kwenye beseni jepesi upande mmoja, akaweka pakiti ya kilo ya chumvi upande wa pili. Ubao ukalala sawa. Alituambia tukumbuke hilo maisha yote: lita moja ya maji ni kilo moja. Tuliimba mara kumi.

Niliinua kidole.

"Madamu, balance ikimaliza kupima, inabakisha ngapi?"

"Inabakisha nini, Ngalula?"

"Kilo. Inakulaka ngapi?"

Darasa lilicheka. Madamu hakucheka. Alinitazama, akafungua mfuko wa maharagwe ya Sandoa aliyokuwa amejinunulia, akalipima lile lile fungu mara tatu, akiliweka na kuliondoa, akiliweka na kuliondoa. Kila mara likawa sawa na kilo ile ile ya chumvi.

"Unaona? Balance haina tumbo," alisema. "Ukisikia balance inakula, angalia mutu mwenye aliitengeneza. Yeye njo iko na tumbo."

Watoto wakacheka tena na somo likaendelea. Mimi sikusikia zaidi. Nilikuwa nimekaa, mikono chini ya dawati, nikihesabu. Kama mizani haikula, basi mawe yangu hayakuliwa. Mawe yalikuwa kwenye karatasi. Na zile kilo za Exaucé zilikwenda wapi?

Nilikimbia mpaka nyumbani. Jirani aliyekuwa anamshika asubuhi alinikabidhi mtoto, akaenda zake. Mama alikuwa sokoni, baba machimboni. Nilitafuta ubao uani, nikapata kipande cha bomba, nikaweka mabeseni mawili yaliyolingana. Upande mmoja nilimlaza Exaucé bila nguo, juu ya kitambaa. Upande wa pili niliweka kitambaa kingine, nikaanza kumwaga maji kwenye beseni kwa chupa ya lita. Karatasi ilisema saba na mia nne. Nilikuwa na chupa saba kichwani na nilimwomba Mungu zifike saba. Nilisema kwamba zikifika saba nitakiri kila kitu, hata jiwe la kwanza.

Moja. Mbili. Tatu. Upande wa mtoto ulikuwa bado chini. Ya nne, ya tano. Ya sita niliimwaga taratibu, jicho kwenye ubao, na ilipofika nusu upande wa Exaucé ukainuka. Uliinuka bila sauti. Nilizuia kwa mkono, nikaachia, ukainuka tena, na yeye akanitazama kutoka juu kwa macho makubwa yaliyokuwa yamebaki usoni peke yake. Niliyarudisha maji kwenye chupa nikapima upya, kwa sababu Madamu alipima mara tatu. Mara tatu ilikuwa tano na nusu.

Nilimfunga mgongoni, nikachukua mfuko wenye mawe, nikakimbia naye sokoni, na sasa mgongo wangu ulinieleza kila kitu nilichokuwa nimeukataza usiniambie. Mama alikuwa anampimia mteja unga. Nilisimama mbele ya meza. Nikatoa yale mawe mawili mfukoni nikayaweka juu ya unga wake mweupe.

"Haya yalikuwa ndani ya chupi ya kupimia," nilisema. "Ni mi niliyatia. Exaucé iko na kilo tano na nusu."

Mama aliyatazama mawe. Yule mteja naye aliyatazama. Kisha mama akazunguka meza, akanifungua kitambaa, akamchukua mtoto kifuani, akaondoka vile vile, meka imelala, unga wazi. Hakuniambia nimfuate. Nilimfuata.

Tata Munganga alimpima akiwa uchi. Tano na mia tano. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Mama, haukuona?"

"Mugongo yangu iliona," mama alisema. "Mi niliiambia inadanganya. Nilisema karatasi njo inajua."

Ndipo akalia, na mimi sijawahi kusikia kitu kibaya kama kile. Tata Munganga alimwambia kwamba pakiti zile mtoto angepaswa kuanza kuzila mwezi uliopita. Alisema kwa upole, lakini alisema. Sasa mtoto alikuwa amevuka pakiti, ilibidi hospitali.

Baba alitukuta huko jioni na vumbi lake lote. Nilikuwa namngoja anipige. Nilitamani kipigo kama mtu anavyotamani kukohoa. Mama alimweleza, na baba akachuchumaa ukutani akijisugua paji la uso.

"Ni mi njo nilimufundisha," alisema. Basi. Hakuna aliyenipiga.

Adhabu yangu ilikuwa nyingine. Mama hakuniruhusu kumshika Exaucé. Nililala chini ya kitanda chao, nikachota maji, nikafua, lakini mtoto hakunipa. Alipewa maziwa maalumu kila baada ya saa tatu, kwenye kikombe chenye mistari ya kupimia, na kipimo kilikuwa hakipaswi kuzidi wala kupungua. Mama hakujua ile mistari. Alinihitaji. Aliniinulia kikombe bila kunitazama, nikasema maziwa yamefika mstari gani, kisha akamwinulia mama wa kitanda cha jirani, ambaye alisoma hadi darasa la sita, na kumuuliza kama ni kweli. Kila mara ilikuwa kweli. Kila mara aliuliza tena.

Na kila asubuhi, saa ya kupima, alimvua Exaucé kila kitu, mpaka uzi wa kiunoni, akamgeuza mbele na nyuma ili wauguzi waone. Halafu alinigeukia mimi.

"Onyesha mikono."

Nilifungua vidole vyote kumi mbele ya chumba kizima. Akina mama wengine walizoea, wakaacha hata kuangalia. Mimi sikuzoea. Siku za kwanza mshale haukusogea, na mtoto wa kitanda cha mlangoni aliondoka amefunikwa uso, na mama akamkaza Exaucé kifuani akanitazama kwa namna ambayo hata leo nikiikumbuka naacha ninachofanya. Nilijua anawaza nini. Na mimi nilikuwa nawaza hilo hilo.

Alianza kupanda wiki ya pili. Gramu hamsini. Gramu thelathini. Gramu themanini. Siku moja alinyakua kijiko mkononi mwa mama akakitupa chini, na mama akakiokota akicheka, akampa tena ili akitupe tena.

Asubuhi ya kutoka, mizigo ilikuwa imefungwa. Muuguzi alisema apimwe mara ya mwisho. Nilisogea mbele kama kawaida, nikanyoosha mikono, vidole wazi, nikangoja. Mama aliitazama ile mikono. Kisha akamweka Exaucé juu ya viganja vyangu, mzito, mwenye joto, akirusha miguu.

"Mutundike," alisema.

Nilimtundika. Akalia kwa sauti yake yote. Mshale ulitetemeka ukatulia, nikausoma kwa sauti: sita na mia nane. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa amesimama pale pale, ameshainua shingo tayari kuulizwa. Mama hakumuuliza.